Tope la Mpwa Wangu

Ghuba yote ile ni tope tupu. Ukikosea hatua linakumeza goti. Lakini mpwa wangu, aliyekuja kupima tope, ndiye mtu pekee aliyelikosa.

"Mjomba, hebu tazama," akaniambia, akaupindua mtego wake juu ya boti. Yakadondoka maji safi, yakaisha. "Hata punje! Hata punje moja ya kunidanganyia!"

Nilikuwa nimeegemea upondo, nasubiri aniambie tuelekee wapi. Kazi yangu ilikuwa kusukuma boti tu. Nimefanya kazi nyingi katika sehemu nyingi, na nimejifunza kwamba mtu mwenye hasira ndani ya boti ndogo usimjibu.

Huo mtego si kitu cha kutisha. Ni kipande cha bomba la plastiki, urefu kama wa mkono, kimezibwa chini na kuachwa wazi juu, kimefungwa wima kwenye kijiti kilichochomekwa chini ya maji. Maji yanapita, tope linalotaka kutua linatua humo ndani. Baada ya siku kadhaa unainua, unalikausha, unalipima, unajua mahali hapo tope linashuka kwa wingi gani. Alikuwa ametega ghuba nzima. Na kila tulipokwenda kuinua, tulikuta mitego imetakata kama vikombe vya wageni.

Yote hayo alikuwa akiyafanya kwa ajili ya mama yake, yaani dada yangu, ambaye anafuga chaza juu ya vichanja vya miti. Mvua za mwaka uliopita mto ulishusha maji baridi mengi mno, chumvi ikapotea pale alipo, na chaza wake zaidi ya nusu wakafa midomo wazi. Safari hii ilikuwa lazima ahamishe vichanja kabla ya mvua. Na kuhama ni mara moja tu. Kung'oa nguzo na kuzipigilia upya ni kazi ya kuvunja mgongo, na chaza wachanga ukiwasumbua mara mbili wanakufa wote. Akikosea, basi, ufugaji umemwishia.

"Nihamie wapi?" ndilo swali alilomuuliza binti yake, aliyesomea mambo hayo ya maji. Binti akachukua likizo kazini, akaazima vifaa, akaja.

Upande wa chumvi kazi ilikwenda vizuri. Tulizunguka ghuba nzima, yeye akishusha kipimo chake, kidude cha chuma mwisho wa waya, kwanza juu kisha chini, kwa sababu maji ya mto huelea juu ya maji ya chumvi na ukipima juu tu unajidanganya. Ramani akaichora kwenye meza ya dada, kati ya birika na taa: buluu kwa maji baridi, nyekundu kwa chumvi. Ikaonyesha sehemu tatu zenye chumvi ya kutosha hata mvua zikinyesha: karibu na mlango wa ghuba, nyuma ya mkono wa mchanga uliojitokeza majini, na kando ya ukuta wa mawe uliobomoka.

"Basi si nichague mojawapo?" dada akauliza.

"Bado, mama. Chumvi ikiwa nzuri na tope likawa linashuka kwa wingi, watazikwa wazima. Nisubiri nipate tope."

Ndiyo tukasubiri tope. Na tope likagoma.

Kwanza akasema mitego imekaa chini mno. Akaiinua. Kisha akasema iko juu mno, akaishusha. Akabadilisha kamba. Akaanza kula amesimama. Usiku namsikia chumba cha pili anapindua karatasi na kusonya. Mwishowe akapata mtu wa kumlaumu.

"Ni wale wachimba mchanga, mjomba. Wanaimwaga mitego yangu ili isijulikane mchanga unakwenda wapi. Nipeleke."

Nikampeleka. Msimamizi wao ni mtu mnene, mcheshi, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anakula muwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatema kapi.

"Dada yangu," akasema, "mimi nauza mchanga kwa lori. Nije nikuibie wa kijiko?"

Vijana wake wakaangua kicheko. Mpwa wangu akageuka nyuma bila kuaga, na njia nzima ya kurudi alinitazama mimi kana kwamba utani ule nilimfundisha mimi.

"Tutavizia," akasema.

Basi maji yalipokupwa tukajificha kwenye banda la kuwekea nyavu, mimi nimekalia rundo la nyavu kuukuu, yeye jicho kwenye ufa wa ubao. Kabla sijapata pa kuegemeza mgongo, akanivuta shati.

"Mjomba. Njoo uone mwizi."

Nikachungulia. Alikuwa dada yangu. Amekunja gauni, anakwenda kwenye vichanja vyake. Alipofika kwenye kijiti akainama, akafungua bomba, akamwaga tope zito, jeusi, akaingiza mkono akasugua ndani, akasuuza, akanusa, hakuridhika, akasuuza tena. Kisha akalifunga vizuri kuliko lilivyokuwa. Nyuma yake wakaja wafugaji wenzake, wanawake wa pwani ile wote, na mmoja wao, aitwaye Mama Ndoo, akiwa mbele na ile ndoo yake isiyombanduka mkononi. Kila aliyekutana na bomba njiani aliliosha.

"Mama!" Mpwa wangu akatoka mbio, tope likamshika, kiatu kikabaki humo. "Mama, unafanya nini?"

"Naosha vyombo vyako." Dada alishangaa kwa dhati. "Nini tena?"

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoviweka. Si mimi peke yangu, tunasaidiana. Unavyovitelekeza, mwanangu! Vinajaa tope mpaka mtu anaona haya."

"Vinajaa? Wapi vinajaa, mama? Vipi vilivyojaa zaidi?"

"Aa, sijui. Chombo kichafu unaosha. Ukumbuke ya nini?"

Hapa niseme jambo ambalo mpwa wangu hakulijua, kwa kuwa alilelewa kwa baba yake, mji mwingine, na mimi pia sikulijua, maana miaka yote hiyo nilikuwa kiguu na njia. Pwani ile, ukipita kwenye kitu cha mwenzako kimeshika tope, unakisuuza. Kichanja, kamba, ngazi, chochote. Na husemi. Ukisema, ni kama unadai kushukuriwa. Dada alidhani binti yake anafahamu kabisa kwamba anaoshewa, na ameamua kukaa kimya kwa heshima, kama inavyotakiwa.

Mama Ndoo akacheka. "Kumbe Mtaalamu alikuwa anataka uchafu? Ungesema, tungekuletea kwa ndoo!"

Mpwa wangu angecheka naye, mambo yangeishia pale. Lakini alikuwa amesimama na kiatu kimoja, kazi ya likizo nzima imemwagwa mbele ya macho yake, tena na mama yake. Akapiga kelele.

"Msiguse! Mnanisikia? Mtu yeyote asiguse kitu chetu! Hata kimoja!"

Mama Ndoo akahamisha ndoo toka mkono huu kwenda mkono mwingine.

"Haya," akasema. "Tumesikia."

Na kweli walisikia. Kuanzia hapo tope likaanza kuingia kwenye mitego, na likaanza pia kuingia kwenye vichanja vya dada. Wenzake walipita kando wameinua magauni, wanaongea mambo yao, hakuna aliyenyoosha hata kidole. Dada akawa anasuuza peke yake, safu baada ya safu, na akirudi nyumbani anapanda ngazi kwa kushika ukuta.

"Vumilia kidogo, mama," binti anamwambia. "Tope linaingia."

"Naliona linavyoingia," dada anajibu.

Mara ya kwanza tulipoinua mitego yenye kitu ndani, mpwa wangu alikaribia kulia. Ule wa mlangoni ulikuwa umejaa kupita nusu. Sehemu hiyo akaifuta kwenye ramani. Zilizobaki, ya mkono wa mchanga na ya ukuta wa mawe, zilikuwa na kidogo tu, tena zimelingana. Akalipima tope lake tena na tena, akipuliza mizani kana kwamba ina vumbi.

"Inabidi bamvua ipite," akasema. "Maji makubwa yakienda kwa nguvu ndipo nitaona tofauti."

Mvua haikuisubiri bamvua. Asubuhi moja milima ya huko juu ilikuwa imefunikwa na wingu, na mto ukaanza kushuka rangi ya chai ya maziwa. Tukaenda na kipimo kwenye vichanja vya dada. Chumvi ilikuwa inashuka tayari. Mpwa wangu akanionyesha namba. Nikageuza boti.

Dada alikuwa ufukweni keshatoa kamba na nyundo kubwa ya mbao. Alikuwa amewaita wenzake, na wamekuja wote, maana ukiitwa unakuja. Wakasimama mstari, mikono wameikunja.

"Jamani, mbona mmesimama?" dada akauliza. "Maji yanakuja."

"Tumesimama vizuri tu," akasema Mama Ndoo. "Si tumeambiwa tusiguse?"

Dada akamgeukia binti yake. Wote wakamgeukia.

"Nilimaanisha mitego," akasema.

"Ulisema kitu chenu. Hata kimoja. Mimi nimezeeka, lakini masikio bado ninayo."

"Ni nyinyi mlionimwagia kazi yangu! Mimi ndiye niliyeharibiwa, halafu mimi tena ndiye..."

"Mwanangu," dada akasema, polepole, "maji yanakuja."

Mpwa wangu akanitazama. Nikatazama upondo wangu. Akawageukia wale wanawake.

"Naombeni mguse," akasema.

"Eti nini, Mtaalamu? Masikio haya yameingia tope."

"Naombeni mguse! Guseni nguzo, guseni kamba, guseni kila kitu, jamani, niliwakosea, guseni!"

"Heee! Sasa ndiyo unaongea kama binti wa hapa," akasema Mama Ndoo, na alikuwa keshaingia majini.

Walifanya kazi kwa namna ambayo sijaiona kwenye bandari kubwa nilizopita. Nguzo ziling'oka, vichanja vikapandishwa kwenye maboti, chaza wakafunikwa magunia yaliyolowa. Dada akapanda boti yangu, binti yake akakaa mbele na ile ramani ndani ya mfuko wa nailoni. Tulipofika pale ambapo kulia unakwenda ukuta wa mawe na kushoto mkono wa mchanga, dada akaninyooshea kiganja. Nikakaza upondo, boti ikasimama. Maboti ya nyuma nayo yakasimama.

"Haya, mwanangu. Wapi?"

Mpwa wangu aliitoa ramani. Aliitazama muda mrefu mno kwa mtu anayeijua kwa moyo.

"Mlangoni usiende, mama. Hilo nina hakika nalo. Kati ya hapa na pale, sijui."

"Hujui."

"Sijui. Ningepata bamvua moja tu ningejua. Sijui!"

Dada alitazama kulia, akatazama kushoto. Pande zote mbili maji yalikuwa yaleyale, rangi ileile.

"Kiguu na Njia," akaniambia, "ukutani. Kule mwendo mfupi, magoti yananiuma."

Nikasukuma kulia. Dada alishuka mpaka kiunoni, akaisimamisha nguzo ya kwanza, akaikumbatia isiyumbe. Mpwa wangu akaitwaa nyundo, akapiga. Akapiga tena. Alikuwa anapiga kama anayegombana na mtu aliyeko chini ya lile tope, na kichwa cha nguzo kikaanza kuchanika.

"Taratibu, mwanangu, utaipasua," nikamwambia.

"Mjomba, niache."

Nikamwacha. Nguzo ikazama kidogo, mvua ikaanza kudondoka, na dada, shavu lake limegusana na mti, akasema, "Endelea."