Kisiwa cha Tope na Kisiwa cha Panzi

Mkutubi alichora ramani mbaya, na ubaya wake ni kwamba ilikuwa ya kweli.

Aliyeitaka ni Mkurugenzi wa taasisi. Wafadhili walikuwa wamemuuliza: watafiti wa udongo na watafiti wa wadudu, hao wanaokaa chini ya paa moja, wanafanya kazi pamoja au wanapeana mgongo tu? Kama wanapeana mgongo, watenganishwe. Wa wadudu wahamie mji mwingine, na maktaba igawanywe nusu kwa nusu kama mirathi. Mkutubi alikuwa na miaka ishirini na miwili katika maktaba ile. Alijua hata nani alichana jalada la kitabu gani. Kuigawa ilikuwa sawa na kumpasua yeye.

Basi akakusanya makala zote za miaka kumi, mia nne na kumi na mbili. Kila mwandishi akawa nukta. Walioandika pamoja akawaunganisha kwa mstari, na kadiri walivyoandika pamoja mara nyingi ndivyo mstari ulivyonenepa. Kompyuta ikakoroma weee, mwisho ikatema picha: visiwa viwili, katikati peupe pe. Hata uzi wa buibui haukuvuka.

Chanzo kilikuwa friji. Miaka kumi na mmoja nyuma, mabuu ya mkuu wa wadudu, bibi mmoja mwembamba aliyeitwa Dokta Panzi, yalitoroka chupani yakaingia kwenye sampuli za mkuu wa udongo, Dokta Tope. Tangu siku hiyo wawili hao walisalimiana kwa nyusi.

Mashine ya kuchapa ilikwama na ramani ikiwa nusu nje. Mkutubi akaibeba mpaka chini ya ngazi, kwenye karakana ya Fundi Lenzi, mtengeneza vyombo vya maabara zote. Fundi akaivuta karatasi taratibu, akaikagua.

"Dada, mbona mimi simo?"

"Wewe huandiki makala, kaka. Humu kuna waandishi tu."

"Siandiki, lakini darubini zao nani anazifungua? Jana tu niko kwenye mizani ya Tope, Panzi akaja kuninyakua kwa mkono kama mtoto wa chekechea. Nikaacha skrubu mdomoni!"

Mkutubi alicheka, halafu kicheko kikamkatika. Makala zote zile alizikusanya kwa vichwa na majina ya waandishi. Ukurasa wa mwisho, ule wa shukrani, hakuugusa. Alikula samaki akatupa kichwa.

Akarudi juu mbio. Programu yake haikujua kusoma shukrani, kwa hiyo alisoma kwa macho, siku tatu, makala moja baada ya nyingine, shingo ikamkakamaa kama mpini.

Siku ya kikao Fundi Lenzi alikuwepo, amepanda kiti anahangaika na projekta. Ramani ya kwanza ikatokea ukutani. Mkurugenzi akashusha pumzi. "Basi tena. Wagawanywe."

"Ngoja, mzee," Mkutubi akasema. "Asiyekuwepo na lake halipo. Nilimsahau mtu." Akabonyeza. Pale peupe pakachomoza nukta moja nene, mistari ikaitoka pande zote mbili. "Udongo wamemshukuru mara sitini na tatu. Wadudu, hamsini na nane. Sasa niambieni, tukigawana, fundi anakwenda na nani?"

"Anabaki kwangu," akasema Dokta Tope.

"Kwako wapi?" Panzi akadakia. "Bila yeye darubini zangu ni vyuma chakavu!"

"Na mizani yangu je?"

"Mizani ya kupimia tope!"

"Angalau tope halitoroki frijini!"

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na ngozi yenyewe ilikuwa juu ya kiti, imeduwaa. "Mara mia moja na ishirini na moja," Fundi akasema polepole. "Na hakuna hata mmoja aliyewahi kupita karakana na kikombe cha chai."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Panzi alicheka mpaka akafuta miwani, na Tope naye akamfuata.

"Wafadhili hawatakubali shukrani peke yake," Mkurugenzi akaonya. "Watataka makala."

"Kuna kichuguu nyuma ya karakana," Fundi akasema. "Asubuhi Tope anachota udongo wake, jioni Panzi anachota mchwa wake. Mwaka wa tatu huu. Mimi nilidhani mnajua."

Wakuu wawili wakatazamana, safari hii kwa macho kabisa.

Wafadhili walijibu kwa mstari mmoja: msigawanyike, makala tuione. Makala ikaandikwa. Ugomvi ukabaki nani atangulie kutajwa, Tope au Panzi, wiki mbili nzima, mpaka Mkutubi akachukua kalamu akamweka Fundi mbele yao wote. Kisha akateremka karakana, ramani mpya kwapani, vikombe viwili vya chai mkononi.

Alikuta tayari kuna foleni ya vikombe.