Kamba ya Mtanikoma

Kule mashambani alikozaliwa, pembezoni mwa Kwedizinga, Mtanikoma alikuwa mbwa mwenye heshima zake. Nguruwe pori walimjua, nyani walimjua, na hakuna aliyeonja mahindi ya mzee Mwinjuma mara mbili. Jina lile Mwinjuma alimpa ili shemeji zake wenye maneno mengi walisikie kila anapoitwa, kama wengi wanavyowapa mbwa majina ya kuwasemea yaliyo moyoni. Shemeji walilisikia, wakanuna, yakaishia hapo. Majirani walikuwa mbali, na mbwa mgeni Mtanikoma alimwona kwa nadra, tena akiwa mbioni.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na nne, watu wakaamriwa kuhamia kijijini. Mwinjuma aliezua paa lake kwa mikono yake mwenyewe, akabeba miti akisaidiana na mkewe Hamisa, akapewa mahali katika mstari wa nyumba zilizotazamana mlango kwa mlango. Alijenga pale, lakini hakupaita nyumbani. Alipaita kiwanja tu. Pale alipopataka yeye, penye mkwaju, alipewa Mdoe, Msambaa aliyeteremka kutoka Kwashemshi, kijana mpole mwenye dume la mbwa la kahawia. Mkwaju wenyewe, tuseme kweli, haukuwa na kivuli cha kugombewa. Lakini mtu aliyehamishwa kwake lazima apate wa kumnunia. Mdoe alimwamkia shikamoo kila asubuhi, na Mwinjuma akawa anaitikia kwa kukohoa.

Haukupita muda Mtanikoma akamrukia mbwa wa Mdoe, akamchana sikio. Akamrukia na mwingine aliyekuwa akipita tu na safari zake, akimfuata mchuuzi wa Segera. Kamati ya kijiji ikakaa. Mwenyekiti, mzee Rehani, akatamka kwamba siku ya mkutano wa kijiji, bwana nyama wa serikali atakapokuja na bunduki yake kwa ajili ya nguruwe, kama mbwa huyu bado ni yuleyule, risasi moja itakuwa yake.

Mwinjuma aliumia kuliko alivyotaka watu wajue. Katika vyote alivyokuwa navyo kule alikotoka, kilichofika kikiwa kizima ni mbwa. Akasokota kamba ya katani, akawa hatoki naye bila kumfunga. Akimwona tu mbwa wa Mdoe, anaizungusha kamba kiganjani, anaivuta, na kufoka, "Mtanikoma!" Halafu fimbo. Mbwa akazidi kuwaka. Mdoe naye, akisikia jina lile likifokwa mbele ya mlango wake, alijua anaambiwa yeye.

Siku moja homa ikamlaza Mwinjuma, Hamisa akaenda na mbwa kisimani. Aliporudi akasema wamepishana na mbwa wa Mdoe na halikutokea neno. Mwinjuma akamwambia kuwa homa anayo yeye, lakini anayeweweseka ni mkewe. Asubuhi iliyofuata akajikongoja hadi nyuma ya ua wa mabua, akachungulia. Hamisa alikuwa na ndoo kichwani na kamba mkononi, imelegea hadi inagusa vumbi. Alipomwona mbwa wa Mdoe hakusimama wala hakupaza sauti. Aliacha njia, akazunguka majanini kama mtu anayekwepa tope, huku akimuuliza Mdoe habari za nyumbani. Manyoya ya shingoni yalimsimama Mtanikoma. Akatazama kule, akamtazama Hamisa, akafuata.

Jioni Mwinjuma akamuuliza anamfanyia nini yule mbwa.

"Simfanyii kitu," Hamisa akasema. "Anaogopa, Baba Zamda. Mbwa wale ni wageni kwake. Anakutazama wewe akuulize, na wewe ukimwona Mdoe unakunja ngumi. Basi ameshajibiwa."

Neno lile lilimchoma. Alipopona akaichukua kamba mwenyewe. Mdoe akatokea, safari hii bila mbwa, na kabla Mwinjuma hajawaza lolote kamba ilikuwa imeshazungushwa kiganjani, na Mtanikoma ananguruma, akimtafuta mbwa asiyekuwepo. Mwinjuma aliona aibu ya kweli. Ugomvi ulikuwa wake. Mbwa alikuwa kibarua tu.

Kupiga hodi kwa Mdoe kulimwia vigumu kuliko kuezua lile paa. "Nimekuja kwa ajili ya mbwa," akasema, "na kwa ajili ya shikamoo zako nisizoziitikia. Na lile jina si lako. Ni la shemeji zangu." Mdoe akacheka, akamsogezea kigoda.

Tangu hapo wakawa wanakwenda pamoja shamba la kijiji, Mdoe ukingo huu wa barabara, Mwinjuma ukingo ule, kila mbwa upande wa nje, wote wakielekea kulekule bila kutazamana uso kwa uso. Mwanzo walipigiana kelele ili wasikilizane. Kidogo kidogo wakasogeleana. Kuna siku Mwinjuma alifanya haraka, mbwa wakaparurana, ikabidi kila mtu arudi ukingoni kwake waanze upya. Palizi ilipoanza, sauti ya kawaida ilitosha, na mbwa walikuwa wakinusa jani moja.

Siku ya mkutano aliyemleta Mtanikoma ni Mdoe, kamba imelegea. Mwinjuma alifuata mikono mitupu. Bwana nyama alikuja na mbwa wake mwenyewe, na yule mbwa mgeni alipoinuka Mtanikoma akanguruma. Mdoe hakuvuta. Aligeuka naye, akamzungusha nyuma ya watu mpaka mbwa hawaonani, akasimama hapo. Mzee Rehani akauliza kama mbwa amepona.

"Hajapona," Mwinjuma akasema, ingawa uongo ulikuwa umeshamfika mdomoni. "Mbwa mgeni bado hampendi, na pengine hatampenda. Nitampitisha mbali nao, na hatatoka bila kamba."

Rehani akamgeukia Mdoe, kwa kuwa sikio lililochanwa lilikuwa la mbwa wake. Mdoe akasema bunduki ikatafute nguruwe. Huyu waachiwe wao wawili. Wajumbe wakaridhia, na bwana nyama akaitundika bunduki begani.

Mwinjuma alitaka kushukuru, akachelewa. Mdoe alikuwa ameshaanza kuondoka, akiita kijiji kizima kisikie, "Mtanikoma, twende!" Watu wakacheka. Mbwa hakusogea. Aligeuza kichwa, akamtazama bwana wake, akauliza kama alivyozoea.

"Nenda naye," Mwinjuma akamwambia, ngumi imefunguka. "Twende nyumbani."