Fundi wa Dakhalia

Naandika kwa heshima zote, mimi niliyeadhibiwa kuliko mwanafunzi yeyote shuleni.

Wiki moja kabla ya mitihani, pampu ya dakhalia yetu, bweni la shule hapa Wete, ilianza kuvuta hewa tupu. Mwalimu Hafidh akatangaza kuwa bila maji tungerudishwa makwetu. Mwenzetu Zulekha, aliyekulia Kojani akifungua mashine za boti za baba yake, akaomba spana, kisha akanivua kandambili.

“Bi Fundi, hiyo mpya.”

“Ndiyo nzuri kuzibia.”

Akakata kipande cha mviringo, akaziba palipopitisha hewa. Maji yakatoka, mitihani tukaifanya. Siku hizi pampu ya mtaa ikiharibika, sheha anayeuongoza huja kumwomba Zulekha, nasi humsindikiza kama walinzi wa rais.