Mji Aliompa Mtu Asiye na Uso

Usingizi wa mchana haupigi hodi, huingia tu kama jirani aliyezoea, na ndivyo unavyomwingia Bi Siwema binti Kombo, mtu wa Pangani, akiwa amejilaza juu ya sitaha ya meli kubwa ya watalii. Mwanawe Mbwana amewachukua wote, mama, mke na watoto, wazizunguke bandari za huko linakochomoza jua, na leo meli inaelekea Penang. Saumu, mkwewe, amemfunika miguu kwa kanga akamwahidi kumwamsha wakifika, naye amejibu kwamba halali, anapumzisha macho tu. Basi macho yanapumzika, meli inapumzika, bahari nayo inajikunja pembeni kama mkeka, na pale palipokuwa na maji pana barabara nyeupe, na Bi Siwema anashuka ngazi ya meli peku, wala hashangai, maana huko mshangao huchelewa kufika. Barabara inakwenda, inapinda, inarudi kujitazama, inakwenda tena. Kulia na kushoto milima ya mawe imesimama majini, mmoja mmoja, imeota miti kichwani, kama wazee waliokwenda kuoga wakasahau kutoka. Anageuka kuitafuta meli, haipo. Mbele yake amesimama mtu wa shati jeupe na kofia ya majani, ameshika kijibendera kama wale wanaowapokea watalii bandarini, na chini ya kofia hana macho, hana pua, hana mdomo, pako laini tu kama mgongo wa kijiko. Bi Siwema anangoja shikamoo yake, haiji. Anamuuliza, baba, meli yetu iko wapi? Mtu yule anasema, Kitendawili.

Sasa ninyi mnajua, mtu wa Pangani akisikia neno hilo mdomo hujibu wenyewe. Tega, anasema. Mtu yule anatega, nyumba yangu inatembea, jogoo wangu hawiki, majirani zangu wamejaa na hakuna anayeniomba chumvi. Bi Siwema anasema konokono. Konokono ana majirani gani? Anasema kobe. Siyo. Anafikiri mpaka barabara inazunguka mara nyingine na kurudi miguuni pake, kisha anakubali kushindwa, na mtu yule anasema, Nipe mji. Na hapo Bi Siwema anakosea kosa ambalo angelikosea yeyote aliyelelewa kwenye vitendawili, kwamba ukidaiwa mji unatoa wako, ndio ulio karibu na ulimi, na kwani unakwenda wapi? Mshindi anajitamba kidogo, anakwambia jibu, asubuhi mji uko palepale na kuku wake. Nakupa Pangani, anasema, tena kwa kicheko. Mtu yule anajitamba kama ada. Nimekwenda Pangani, nimevuka kwa kivuko kutoka Bweni, ng'ambo ya mto, nimekula samaki wa kupaka, nimelala kwako, wenyeji wamenipenda wakaniambia nisiondoke. Jibu ni meli yako. Kisha anafumba kiganja, na Bi Siwema anasikia kitu kikimtoka kifuani taratibu, kama uzi unavyotoka kwenye pindo. Anataka kusema kwetu, anafika kwenye neno, anakuta shimo. Anamkumbuka Mbwana, anakumbuka hata uchungu wa kumzaa, lakini alimzalia wapi? Mlango wa nyumba yake unafungukia ndani au nje? Watu wake wote wapo, wanaelea, hawana pa kukanyaga.

Nirudishie, anamwambia. Anajibiwa kwamba huku mji haurudishwi, hutegewa, na akitega kitendawili kikamshinda mwenziwe atapewa mji, lakini asipofanikiwa mpaka usingizi umwishe, ataamka hivyohivyo, mtu asiye na kwao. Basi wanafuatana. Wanaingia soko la Penang, na Bi Siwema anaona malundo ya shokishoki, mekundu na manywele yao, na doriani zikinuka vilevile kama zile alizozijua utotoni, sijui utoto wa wapi, na anasimama ameshika mdomo. Siku zote alidhani matunda haya ni ya kwao. Kumbe nayo yana mahali yalipoaga. Anatega, kinalala chini hakichafuki, kinapita majini hakilowi. Kivuli, anasema mtu yule bila hata kusimama. Wanatoka kwa mlango wa soko, wanatokea Singapuri, na Singapuri ni miji miwili, mmoja umesimama kuelekea mbinguni, mwingine umesimama kuelekea chini ndani ya maji, na katika ule wa chini watu wanatembea wayo kwa wayo na watu wa juu. Bi Siwema anatazama chini na kumwona aliyegusana naye nyayo, msichana wa ushungi mpya, naye anamcheka, anamwambia, taratibu bibi, unanikanyaga. Subhanallah, anasema Bi Siwema, na machozi yanamlenga kwa uzuri wa jambo lile. Anatega kingine, kinajibiwa. Anatega cha babu yake, kinajibiwa hata hajakimaliza. Kaa hapa, mtu yule anamshauri, mji huu hauzimi taa, kwenu ulikokusahau kulikuwa na nini? Na kinachomtisha Bi Siwema ni kwamba hawezi kumjibu, na kwamba hapa, wallahi, angekaa.

Anachutama pembeni mwa maji kunawa, apate kufikiri. Anasugua paji, mashavu, kidevu, na akiinua kichwa anamwona mwenziwe amesimama ukingoni, ameyapa maji kisogo, na anakumbuka kwamba safari nzima hajamwona hata mara moja akijitazama. Kitendawili, anasema, na mtu yule anajibu kwa uchovu, Tega. Ni changu tangu kuzaliwa, wenzangu wanakiona kuliko mimi, na siri zangu kinazitoa hata nikinyamaza. Bendera inashuka. Kisogo, anajaribu mtu yule. Kisogo chako kimewahi kumtolea nani siri? Moyo, basi. Moyo nani anauona? Barabara zote zinasimama kusikiliza, hata watu wa mji wa chini, wale wa wayo kwa wayo, wamesimama, na mwishowe mtu yule anasema, nimeshindwa. Nipe mji, anasema Bi Siwema. Nakupa Singapuri, wa juu na wa chini. Siutaki. Nakupa Penang na soko lake. Bi Siwema anameza mate. Siutaki. Nakupa milima iliyosimama majini, yote, na ukungu wake wa asubuhi. Hapo anaitazama tena mmoja mmoja, maana katika umri wake wote hajaona kitu kinachomkumbusha Muumba kama kile. Siutaki. Bibi, una kiburi. Sina kiburi, baba, nina kwetu. Na kusema vile kunamwuma, kwa kuwa hajui ni wapi.

Mtu yule anafumbua kiganja. Nakupa Pangani. Bi Siwema anaupokea kwa ada yake, hauruki hata neno. Nimekwenda Pangani, nimevuka kutoka Bweni upepo ukinichezea kanga, nimefika kwangu, mlango unafungukia ndani na lazima uuinue kidogo, umelemaa bawaba, nimewakuta wenyeji wameniuliza mbona kimya. Jibu ni uso. Mtu yule anainua mikono, anapapasa pale chini ya kofia polepole, kama unavyompima mtoto homa, na pale laini panaanza kuumuka, pua, nyusi, na Bi Siwema anainama aone ni nani.

Mama, tumefika. Ni Saumu, na jua, na honi ya meli inayotetemesha mbavu. Bi Siwema anamshika Mbwana mkono na kumuuliza, sisi kwetu wapi? Mbwana anacheka, Pangani, Mama, au jua limekupanda kichwani? Bi Siwema anavaa viatu, wanashuka. Gatini joto limesimamisha ukungu, watu hawaonekani vizuri, lakini alivyolelewa haingii mji wa wenyewe bila hodi. Hodi jamani, anasema. Saumu anamnong'oneza kwamba hawa hawajui Kiswahili. Ndani ya ukungu sauti yenye lafudhi ya Pangani inaitika, Karibu, Bi Siwema, tulidhani umetutoa kabisa kwa kitendawili. Anageuka kuona kama mkwewe amesikia, na Saumu anatafuta miwani mkobani. Bi Siwema anainua pindo la kanga, anakanyaga.