Tai wa Orazbai

Orazbai alipopandishwa kwa kamba kutoka korongoni, amefungwa ndani ya zulia la sufu, tai wake alipandishwa nyuma yake, kazongwa ndani ya koti la Serikbol, kichwa tu kikiwa nje. Wanaume waliokuwa juu, mume wangu Tolegen akiwa mmoja wao, macho yao hayakwenda kwa maiti kwanza. Yalikwenda kwa ndege. Kifua chake kilikuwa na damu iliyoganda, mdomo vilevile, na koo limemvimba kama la ndege aliyekula akashiba.

"Huyu kala nini?" Tolegen akauliza.

Serikbol, mdogo wake marehemu, ndiye peke yake aliyekuwa ameshuka chini. Alikuwa anatetemeka, barafu imeshika masharubu. "Farasi wake kafia kule chini," akasema. 

Nyumba zetu za baridi ziko chini ya mlima, sita tu, za mawe na udongo, na kutoka kule korongoni ni mwendo mzuri kwa farasi. Lakini maiti haijafika, maneno yalikwisha kufika: tai kamla bwana wake.

Mimi na Kulpash, mke wa Orazbai, tuliolewa bonde hili mwaka mmoja. Ng'ombe wetu tunawakamua pamoja. Namjua tai yule tangu alipoletwa akiwa kinda mwenye manyoya ya kitoto, Orazbai kamtoa kiotani kwenye jabali, mikono yote imechanwachanwa na yeye anacheka. Hakumpa jina, alimwita "binti yangu." Alimlisha kwa mkono wake, nyama anaikata vipande virefu vyembamba, anavisuuza kwa maji hadi viwe vyeupe, anamshikia kimoja kimoja. Kulpash alikuwa akisema, "Mie nimeolewa uke wenza, na mke mkubwa ana mabawa." Orazbai anamjibu, "Yeye ananiletea mbweha. Wewe umeniletea nini?" Na Kulpash anamrushia kitambaa cha kufutia bakuli. Ndivyo walivyokuwa.

Siku aliyopotea, Orazbai aliondoka asubuhi kuwinda na tai mkononi, kumetulia, jua linawaka juu ya theluji. Jioni hakurudi. Kulpash akaenda kwa Serikbol, mlango wa pili, akamkuta anakula.

"Kaka yako hajarudi. Panda farasi."

"Shemeji, kaa kwanza unywe chai. Kaka yuko kwa Mzee Dalaikhan ng'ambo ya mto, kakaa karibu na jiko anawadanganya watu kuhusu ukubwa wa mbweha wake. Humjui?"

"Akienda kwa Dalaikhan huniambia."

"Basi leo kasahau. Nikifika kule gizani kumtafuta kama mtoto, atanicheka hadi kiangazi."

Kulpash akarudi kwake. Usiku upepo ukageuka, na kulipokucha hapakuwa na mlima wala mto, ni theluji inayopita kwa ubavu, usiuone hata mkono wako. Siku ile nzima hakuna aliyetoka. Kesho yake kulipotulia ndipo Serikbol alipokwenda kwa Mzee Dalaikhan, akaambiwa Orazbai hajakanyaga pale tangu mwezi uliopita. Wakaanza kutafuta. Walimwona tai kutoka mbali, amekaa kwenye ukingo wa korongo, kisha akashuka tena ndani. Farasi alikuwa ameteleza kwenye barafu, wakaanguka wote wawili.

Waliomwona marehemu kabla hajaoshwa walisema uso umechanika. Ni mawe au ni mdomo wa ndege, nani angejua? Na anayeosha maiti hasemi alichokiona, hiyo ndiyo adabu yetu. Watu walimtazama Serikbol, aliyekuwa wa kwanza kufika, wakingoja neno lake. Serikbol aliinamisha kichwa. Kuinamisha kule, watu walikuchukua kuwa ndiyo.

Arobaini ilipopita, hali ikawa mbaya. Wanawake walizunguka nyuma ya mazizi ili wasipite na watoto mlangoni kwa Kulpash. Bibi mmoja alitema mate alipomwona tai kwenye kigingi chake uani. Mabinti wawili wa Kulpash waliambiwa na wenzao, "Baba yenu yumo tumboni mwa yule." Mdogo alirudi nyumbani akamtazama tai muda mrefu, halafu akaenda kulala bila kula.

Siku moja Serikbol alikwenda na bunduki, na mume wangu akamfuata. Mimi nilikuwa ndani kwa Kulpash, tunachambua sufu. Kulpash akasimama mlangoni.

"Shemeji, nipishe."

"Umekuja na bunduki nyumbani kwa kaka yako?"

"Ndege aliyeonja mtu hafugwi. Watu wanaogopa. Hata wewe ungelala vizuri zaidi."

"Kwani wewe umeanza lini kujali usingizi wangu?" Sauti ya Kulpash haikupanda. "Serikbol, wewe ndiye uliyeshuka. Niambie mbele ya Tolegen. Uliona alama ya mdomo wake kwenye mwili wa mume wangu? Ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, nakupisha."

Serikbol alitazama bunduki yake kama kitu alichokiokota njiani. "Kulikuwa na damu," akasema. "Kila mahali."

"Hilo silo nililokuuliza."

Serikbol akaishusha bunduki. Kulpash akamwambia, "Theluji ikiyeyuka nitamwachia mwenyewe, arudi kwao milimani. Kabla ya hapo, anayetaka kumgusa aanze na mimi."

Wakaondoka. Njiani Tolegen alijaribu kutania, "Kati ya yule mwanamke na yule tai, sijui ni nani mwenye kucha." Serikbol hakucheka. Usiku mume wangu aliniambia, "Sijapata kumwona mtu anayetaka kumuua ndege vile, halafu akiombwa neno moja tu analikosa."

Tai naye aligoma. Alikuwa hajawahi kula mkononi mwa mtu mwingine. Kulpash alivaa glavu ya mumewe, kubwa mno kwake, akakata nyama vipande virefu vyembamba kama alivyozoea kuona, akaisuuza, akamshikia. Siku za kwanza ndege alimgeuzia mgongo. Halafu siku moja alimrukia, akamkamata mkono juu ya glavu, kucha zikaingia hadi karibu na mfupa. Nilimfunga jeraha lile kwa mikono yangu. Hakulia, ila uso ulikuwa mweupe.

"Mwache afe," nikamwambia. "Kwa nini ujiumize?"

"Kila nikimkatia nyama najiuliza mdomo huu ulifanya nini. Halafu najiambia, je, kama haukufanya kitu? Nitakuwa nimeua kitu cha mwisho alichokishika Orazbai."

Hatimaye ndege alikula. Sikuona mapenzi pale, niliona njaa. Yeye na Kulpash walikaa majira yale ya baridi kama watu wawili waliofungiwa chumba kimoja na hawasemezani.

Theluji ilipoanza kulainika, Kulpash alimwendea Serikbol akamwambia atamwachia tai kule kule korongoni, alikoruka mara ya mwisho kutoka mkononi mwa mwenyewe. Yeye aje na kondoo wa kuchinja, kwa sababu ndege hatupwi na njaa. Mimi nilikuwepo. Serikbol alibadilika rangi.

"Kule bado kuna barafu. Tumpeleke upande wa ziwa, kuna sungura wengi."

"Nataka kupaona mahali alipofia mume wangu. Juu hapashukiki, nitaingia kwa chini, kwenye njia ya kijito. Usipokuja nitakwenda peke yangu."

Akaenda naye. Yaliyotokea kule alinisimulia Kulpash mwenyewe, baadaye sana, tukiwa tunakamua.

Waliwaacha farasi mdomoni mwa korongo, wakaingia kwa miguu, Kulpash mbele na tai mkononi, kafunikwa macho kwa kofia yake ya ngozi, Serikbol nyuma akivuta kondoo. Ndani mlikuwa na kivuli na baridi ya majira yaliyopita. Juma lile lile la msiba theluji ilikuwa imeporomoka kutoka juu ikafukia kila kitu, na sasa ndiyo kwanza inayeyuka. Farasi alikuwa ametokeza nusu, hajaoza, hata mbwa mwitu hawakuwahi kumfikia.

Kulpash alisogea. Aliona ngozi ya bega la farasi imefunuliwa na kukunjwa upande, na mkato wake umenyooka. Chini yake nyama ilikuwa imeondolewa kwa vipande virefu vyembamba, kimoja kando ya kingine. Mwanamke wa kwetu anajua kisu kimepita wapi na mdomo wa ndege umepita wapi. Karibu na tumbo la farasi kulikuwa na mpini wa mjeledi wa farasi, umevunjwa katikati, na vipande vyote viwili vimezungushiwa hatamu, imefungwa fundo kisha imekatwa. Vitu kama hivyo mtu hujifungia mguu uliovunjika.

Aliinama akaligusa lile fundo. Kondoo alikuwa analia.

"Hakufa alipoanguka," akasema.

Serikbol alikuwa anaivuta kamba ya kondoo.

"Alijifunga mguu. Akamkatia ndege nyama. Serikbol, nitazame. Alikaa hapa muda gani?"

Serikbol akaketi chini kwenye theluji iliyolowa. "Nilipomfikia," akasema, "ubavu uliolala kwenye tumbo la farasi ulikuwa bado haujaganda. Niliingiza mkono chini ya kwapa. Kulikuwa na joto, shemeji. Nilimwita. Nilimpiga makofi. Nikamsugua kifua kwa theluji. Wale walikuwa juu wananiuliza, yupo? yupo? Nikawaambia amekufa, tangu juzi."

"Ile hatamu ukaifungua wewe."

"Niliikata. Nisingeweza kumpandisha nayo, wangeiona. Kisha nikasikia wanasema ndege kamla. Sikusema mimi. Wao ndio waliosema."

"Nawe ukawaachia."

"Ningesemaje? Ningekwambia uliponiomba nipande farasi alikuwa hai, anamkatia ndege nyama?" Akaanza kulia, mwanamume mzima, kamasi zinamtoka. "Nilidhani akishauawa huyu, jambo litakwisha."

Kulpash aliniambia hakuwa na hasira wakati ule, na hilo lilimshangaza. Alikuwa anafikiria kitu kimoja tu: kwa nini Orazbai alimlisha ndege. Tai mwenye njaa huruka akatafute, aliyeshiba hukaa. Mtu aliyevunjika mguu, na kisu mkononi, na theluji inamwagika juu yake, anahangaika kukata nyama amshibishe ndege ili asiondoke. "Hakutaka kubaki peke yake," aliniambia. "Hilo tu. Alikuwa anatungoja."

Serikbol alichinja kondoo kwa sababu alikuja kwa ajili hiyo. Kulpash alikata kamba za miguuni mwa tai, akamvua kofia, akamweka juu ya mzoga wa kondoo. Ndege alijikung'uta, akatazama huku na huku, akaanza kula. Wakamwacha anakula. Walipopanda farasi, Kulpash alisema jambo moja: "Utawaambia watu. Wote. Mimi sitakusemea."

Tulihamia malisho ya kiangazi, juu, kwenye mahema. Kulikuwa na karamu ya kumpa mtoto jina kwa akina Dalaikhan, watu wamejaa, nyama imeletwa kwenye sinia na mvuke unapanda. Kabla mzee hajachukua kisu, Serikbol alisimama akiwa na kofia mkononi. Alisema yote, tangu chai aliyokuwa anakunywa jioni ile hadi lile joto chini ya kwapa. Alisema kwa sauti ndogo hadi waliokuwa mlangoni wakawa wanaulizana, "Kasemaje?" na kuambiwa, na kunyamaza.

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Mzee Dalaikhan alikata nyama, akamwekea kipande chake mbele yake kama kila mtu, na kikapoa pale. Yule bibi aliyetema mate alimsogelea Kulpash akamshika goti, na Kulpash akaliondoa goti lake taratibu.

Tangu siku hiyo watu walimsalimia Serikbol kama kawaida, ila salamu zilikuwa fupi. Akija mahali, maneno hupungua. Mkewe alianza kusema habari za mjini, kwamba huko kuna ndugu zake, kuna kazi ya kufyatua matofali. Kabla ya baridi kuingia waligawa kondoo wao na kuuza jiko.

Tai wachungaji walimwona mara mbili tatu kiangazi kile, juu ya korongo. Baadaye hakuna aliyesema kamwona, na Kulpash hakuuliza.

Asubuhi ya kuondoka, Serikbol alikwenda kuaga. Nilikuwa nimepeleka maziwa. Aliingia, akaketi karibu na mlango, mahali pa mgeni asiyejuana na wenyeji. Mabinti walimwamkia, "Baba mdogo," naye akawashika vichwa.

"Shemeji," akasema, "hujanilaani. Ningependa unilaani."

"Nikulaani halafu nini?" Kulpash alikuwa anachochea moto wa samadi kavu jikoni. "Nenda salama. Watoto wako hawana kosa."

Akachukua bakuli, akamtilia chai. Kwetu mgeni hutiliwa nusu, ili arudishe bakuli, atiliwe tena, aendelee kukaa. Kulpash alimimina chai taratibu, na maziwa, na akaendelea kumimina hadi ikafika ukingoni kabisa, ikatetemeka pale bila kumwagika, akampa kwa mikono miwili.

Serikbol aliitazama. Aliinywa yote ingali moto, bila kupumzika, machozi yanamtoka, kwa moto wake au kwa kingine. Akaweka bakuli chini, akavaa kofia, akatoka. Tulisikia lori linawaka. Binti mdogo akauliza kama Baba mdogo atarudi kwa sikukuu.

"Lete bakuli lile," Kulpash akamwambia, "nilioshe."