Panakota na Koki Kuu

Shemeji alijifunza ufundi bomba siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Alijifunza akiwa amelala kwenye kochi, soksi miguuni, simu kifuani, na video ilipokwisha aliinuka mtu mwingine kabisa. Alivua saa ya mkononi kama daktari anayekwenda kupasua mgonjwa. Kuanzia siku ile fundi bomba wa mtaa alipigwa marufuku kukanyaga nyumba ile.

"Wale hawana elimu," alisema. "Wanagongagonga tu. Wenzetu Ulaya kila mtu anajitengenezea kwake."

Mkewe hakukubali kuachwa nyuma. Yeye simu yake ilimfundisha vitindamlo vya Ulaya. Alianza na keki ya Kijerumani: cheri hakupata, akatia zabibu kavu, krimu hakupata, akatia siagi, kilichobaki cha Ujerumani kilikuwa jina. Ikafuata tiramisu ya Kiitaliano, iliyolowa kahawa hadi familia ikaimalizia kwa vikombe. Aliyeuliza kama ndivyo inavyotakiwa kuwa, alijibiwa kwamba ulimi wake haujatembea.

Kati ya wajuzi hao wawili aliishi mdogo wake huyo mke, msichana wa miaka ishirini na mmoja, ambaye wote walimwita Kimya. Alipomaliza darasa la saba aliambiwa aje akae wiki mbili, amshike mkono dada yake aliyekuwa amejifungua. Mtoto mwenyewe sasa anajua kusoma na kutukana, na wiki mbili zilikuwa bado hazijaisha.

Kimya hakuwa bubu, alikuwa mtazamaji tu. Kila fundi bomba alipokuja kabla ya marufuku, yeye ndiye aliyemshikia tochi, na fundi yule alikuwa na tabia ya kuongea na kazi yake. "Wewe washa umechoka, toka," aliiambia raba ndogo ya kuzuia maji. "Tepi inafuata mkono wa kukazia, haifuati mkono wa kufungulia." Kimya aliyameza yote. Mwaka wa tatu fundi alimpa spana yeye, akashika tochi mwenyewe.

Wiki kadhaa baada ya marufuku, siku ya Alhamisi, walikutana dukani, fundi akamwambia bila kuzunguka: "Jumatatu naanza kutandaza mabomba kwenye zile ghorofa mpya. Nataka mwanafunzi mmoja, na nakutaka wewe. Ila sitaki kesho niambiwe nimeiba mtoto wa watu. Shemeji yako anipigie mwenyewe, aniambie kwa mdomo wake. Jumamosi jua likizama sijasikia, namchukua mwingine. Usinilaumu."

Jumamosi ndiyo hii, na Kimya alikuwa bado hajapata upenyo. Nyumba ilikuwa mbiombio. Shangazi yake shemeji, aliyeishi Ulaya miaka thelathini, alikuwa anakuja kula mchana. Dada alikuwa amegandisha panakota tangu jana: maziwa, sukari na jelatini. Video ilisema kijiko kimoja cha jelatini. Dada, kwa heshima ya mgeni, alitia vinne.

Shemeji naye aligundua kwamba chini ya sinki la jikoni maji yanadondoka, tone, tone, kwenye beseni.

"Shangazi asije akasikia hilo beseni," alisema, na kuvua saa.

Kimya alipomwona anaingiza kichwa kabatini na spana mkononi, alijua hatauliza maji yanafungwa wapi. Akatoka polepole hadi nje, akainua kifuniko cha zege karibu na geti, akafunga koki kuu. Aliporudi, shemeji alikuwa amekwisha kulifungua bomba, na limetoa mate kidogo tu.

"Unaona?" Shemeji alimgeukia, uso unang'aa. "Ukilegeza kwa utaalamu, maji yanajikata yenyewe."

"Naona, shemeji."

Alikuwa anaviringisha tepi nyeupe kwenye meno ya bomba. Kimya akainama, akatazama. Ilikuwa inakwenda kinyume. Ukikaza bomba vile, kila unavyozungusha ndivyo tepi inavyojivua.

"Shemeji, hiyo tepi umeizungusha kinyume."

"Kinyume na nani?"

"Na mkono wa kukazia."

Shemeji alitoa kichwa kabatini ili acheke vizuri. "Mke wangu! Njoo umsikie mdogo wako! Umesomea chuo gani, mama?"

Basi Kimya akaona afadhali aseme sasa hivi hivi, wakati anachekwa, kuliko kungoja siku ya kuheshimiwa. "Fundi bomba ananitaka Jumatatu nikajifunze kazi. Anataka umpigie simu leo. Neno moja tu, kwamba umeniruhusu."

Kicheko kilikatika, kikaanza upya. "Mwanamke alale chini ya masinki ya watu? Huwezi. Hiyo kazi inataka akili ya kupima. Wewe unaweza nini? Kuosha masufuria." Akarudisha kichwa. "Kawashe jiko."

Dada, aliyekuwa akitikisa bakuli la panakota ajionee linavyotetemeka, hakuinua macho. "Na mimi nibaki na nani?" alisema tu.

Shemeji alipomaliza kukaza bomba, Kimya akaenda kufungua koki kuu, maana aliamriwa kuwasha jiko na jiko bila maji si jiko. Chini ya sinki palikuwa na unyevu tayari. Shemeji aliufuta kwa kidole.

"Jasho la bomba," alisema.

Shangazi alifika saa saba, mwanamke mnene mwenye viatu vya kamba na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alikula wali na kuku akaomba tena. Kisha dada akaleta panakota mikono miwili, kama anayebeba cheti cha ndoa.

"Tumekutayarishia kitu cha kwenu, shangazi. Usijisikie mgeni."

Shangazi alichoma kijiko, kijiko kikarudi. Akachoma tena kwa nguvu, kipande kikaruka hadi kwenye meza na kusimama wima.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Panakota, shangazi."

"Ahaa." Alikiokota, akakiminya kwa vidole, kikarudia umbo lake. "Mimi kule nilikuwa mwosha vyombo hospitali. Kitu hiki nimekila mara mbili, na zote nilikuwa nimelazwa. Lakini cha kule kilikuwa kinakubali kuliwa. Hiki kingefaa washa."

Shangazi alikuwa amekwenda kunawa mikono bafuni, na dada bado anatafuta pa kuuweka uso, ndipo jikoni kuliposikika mlio kama wa mtu anayefungua soda kubwa. Bomba lilikuwa limeng'oka. Maji yalipiga mlango wa kabati yakaufungua, yakapiga ukuta, yakamkuta shemeji anakuja mbio na kumpiga yeye. Kimya alikwisha kutoka. Koki kuu ilifungwa kabla dada hajamaliza kupiga yowe.

Shemeji, amelowa chapachapa, alirudi chini ya sinki na tepi. Kimya akafungua koki, bomba likatema. Akafunga. Shemeji akaongeza tepi, kinyume vilevile. Kimya akafungua, likatema zaidi.

"Jamani!" sauti ilitoka bafuni. "Nina sabuni mpaka viwiko! Maji yamekwenda wapi?"

Shangazi alitokea ameinua mikono juu kama aliyekamatwa. Alimtazama mpwa wake sakafuni, akamtazama msichana aliyesimama mlangoni bila haraka.

"Nani hapa anajua hii kazi?"

"Mimi," alisema Kimya.

"Basi fanya, mama, sabuni inanikaukia."

"Nitafanya, shangazi. Ila kuna simu ya shemeji inatangulia." Akamweleza, kwa maneno machache kuliko haya.

"Hayo ni ya ndani," shemeji alisema kutoka kabatini. "Tutaongea mgeni akiondoka."

"Tutaongea, shemeji. Maji yatakuwa bado yamefungwa."

"Kimya!" dada alifoka. "Unamjibu nani hivyo?"

Shemeji alijitoa nje, tepi imemnata kwenye nyusi. "Hebu tumia akili. Ukienda huko, siku bomba likipasuka hapa, nani atatutengenezea?"

Kimya alimtazama. Ameishi na mtu huyu miaka saba, akamfulia hadi soksi zile za masomo, na hakuwahi kumwona mdogo kiasi hiki.

"Asubuhi sikuweza," alisema. "Saa nane hii nimekuwa naweza mno. Nikupe muda gani uamue, shemeji? Jua lenyewe ndilo hilo."

Shangazi aliangua kicheko mpaka sabuni ikamdondoka. "Piga simu, bwana mkubwa. Na uweke sauti, nisikie."

Akapiga.

"Profesa!" fundi aliitika. "Mabomba yenu yanaendeleaje?"

"Yanaendelea vizuri." Shemeji alijibandua tepi kwenye nyusi. "Nilikuwa nasema, huyu mdogo wetu… aje Jumatatu. Unajua, mimi ndiye niliyemshauri siku zote."

"Haya. Saa moja kamili. Avae viatu vya kufunika vidole."

Kimya akapiga magoti, akachambua matabaka matatu ya tepi kama anayemenya kitunguu kilichooza, akayaweka sakafuni mbele ya mwenyewe. Akazungusha mpya, akaingiza, akakaza mpaka mkono ukamwambia basi. Maji yalipofunguliwa hakuna hata jasho lililotoka. Shangazi alinawa mikono pale pale jikoni, na shemeji akamweleza kwamba yeye alikuwa amebakiza hatua ile tu ya mwisho.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kimya alilifungua geti akiwa amevaa viatu vya ngozi vya shemeji, vile vya ofisini, amevijaza karatasi mbele ili vimkae. Hakuviomba. Alikuwa amefika kwenye kona ya barabara aliposikia nyuma yake shemeji anauliza kwa sauti kubwa viatu vyake viko wapi, na dada anamwambia amuulize Kimya.