Uzi wa Nne wa Alexis

Karimu wa Tanga hakuwa mtu wa kuvumilia kitu kilichopinda. Kabati likiegemea kidogo tu, anatia kibao chini. Picha ikikaa upande kwenye ukuta wa watu, atainuka ainyooshe, hata kama kaalikwa kula ubwabwa. Sasa mtu wa namna hiyo, Jumatano asubuhi, ndani ya karakana yake ya useremala Jeppestown, Joburg, anawekewa mezani gitaa la marehemu ambalo nyuzi zake zimekaa ovyo ovyo. Hebu fikiria.

Aliyelileta ni Mama Chloé, yaani Jeanne, fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi. Hakutaka kiti. Alieleza akiwa amesimama, mkoba kaubana kwapani. Mumewe Alexis, yule mlinzi wa bohari, alianguka kwenye zamu akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Hayo Karimu alishayasikia. Asichokijua ni kwamba jeneza lingeondoka Jumamosi saa nne asubuhi, kwa gari, kupitia Zimbabwe na Zambia mpaka Lubumbashi, na kwamba Jeanne na binti yake hawaendi. Karatasi zao za ukimbizi ni zile ambazo ukivuka mpaka kurudi kwenu, basi tena, huku hurudi. Kwa hiyo kumuaga kwao kungekuwa pale pale uani nyumbani, Troyeville, na hakuna kwingine.

Na Chloé angepiga gitaa. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao Alexis alimtungia mama yake mzazi, akawa anampigia kwa simu kila mwaka mpya. Bibi alikuwa hai, kule Lubumbashi, na siku ya Jumamosi angekuwa kwenye video. Mwanawe anamrudia ndani ya sanduku. Angalau ausikie wimbo wake ukitoka kwenye vidole vya mjukuu ambaye hajawahi kumshika hata mkono.

"Huu uzi wa chini unatoka kando ya shingo," Jeanne alisema. "Mutoto anapiga, unatoroka. Utengeneze huo tu, fundi."

Huo tu. Lishike hilo neno.

Alipoondoka, Karimu aliliinua gitaa hadi usawa wa jicho, akalitazama kama anavyotazama mbao. Mungu wangu. Pale juu ya shingo kuna kile kijiti cha mfupa chenye mifereji sita, kila uzi na mfereji wake. Mfereji wa chini ulikuwa umelika mpaka ukingoni, ndio maana uzi unateleza. Sawa, hiyo ndiyo kazi aliyoletewa. Lakini jicho lake likahamia kwenye uzi wa nne. Kila gitaa aliloshika maishani, uzi wa nne ni mnene, umezungushiwa waya. Huu ulikuwa mwembamba kama ule wa kwanza, umelala ndani ya mfereji mpana, na ili usichezecheze mtu alikuwa ameuegemeza upande mmoja kwa kipande cha njiti ya kiberiti.

Njiti ya kiberiti! Karimu alicheka peke yake. Walinzi bwana, alijisemea, mtu kaishiwa nyuzi, kafunga alichokikuta.

Basi akafungua kila kitu. Kijiti cha zamani akakibana na koleo, kikavunjika vipande viwili. Uzi ule mwembamba akausokota akautupa kwenye kopo la vikorokoro. Alikuwa na mfupa wa ng'ombe aliouomba buchani. Akauchemsha, akausugua msasa, akapima kwa rula, mifereji sita, nafasi sawasawa. Akafunga nyuzi mpya, ya nne ikiwa nene kama inavyotakiwa. Alhamisi jioni zilikuwa zimenyooka kama reli za stesheni ya Jeppe, na alifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja, tusimwonee. Alitaka marehemu aagwe na kitu kizima.

Ijumaa mchana Chloé akaja kulichukua. Ana miaka kumi na tisa, kazaliwa hapa hapa Joburg. Kiswahili anakisikia chote, ila mdomoni kinamtoka kwa kuokoteza, katikati anaweka Kizulu na Kiingereza. Akakaa kwenye kigoda, akapiga kidogo. Akasimama. Akapiga tena pale pale. Akaugusa uzi wa nne kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa kidonda.

"Anko, haiko sawa. Hii moja inaimba nzito."

Karimu alimjibu kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio uliokuja kumuuma baadaye. Alimwambia kwamba sasa limenyooka, kwamba alizoea kitu kibovu, mkono wake utazoea kizima. Chloé akatafuta maneno. Akatazama dari, akatazama gitaa. Mwishoni akasema "sharp, anko", yaani sawa, akalibeba akaenda.

Jumamosi Karimu alivaa kanzu safi akaenda Troyeville. Ua ulijaa. Jeneza lilikuwa juu ya meza mbili, gari la maiti limeshageuzwa kuelekea barabarani. Parfait, aliyekuwa akipiga gitaa na Alexis kanisani, ndiye aliyeshika simu, na ndani ya simu alikuwemo bibi mmoja mdogo, kitambaa cheusi kichwani, amekaa karibu mno na kioo hata unaona paji la uso tu.

Chloé akaanza.

Vidole vilikuwa vinakwenda panapotakiwa, hilo hata Karimu aliliona. Lakini kila sauti ya juu ilipotakiwa kuitikia, ilitoka ngurumo. Akaacha. Akaanza upya. Ikanguruma tena. Mara ya tatu akajaribu kuuruka ule uzi, na wimbo ukabaki na mashimo, kama mdomo uliong'oka meno. Watu wakaanza kutazama viatu vyao.

"Haiko ile," bibi alisema ndani ya simu. Halafu: "Ule mutoto, baba yake hakumufundisha?"

Nyuma ya Karimu mama mmoja alinong'ona kwamba watoto wa huku ndivyo walivyo, hawashiki kitu cha kwao. Jeanne alisogea, akalitoa gitaa mikononi mwa binti yake. Hakumgombeza. Alilitoa tu, vile unavyomnyang'anya mtoto mdogo kisu, na hakumtazama usoni. Dereva akasema foleni ya mpakani haisubiri. Wanaume wakainua jeneza. Bibi akaona mwanawe akiingizwa garini bila wimbo, simu ikakatika.

Gari lilipoondoka, Parfait alilichukua lile gitaa, akaugonga uzi wa nne, akakunja uso. Akamgeukia Karimu. Alimweleza kwamba kwao, kwenye rumba, ya nne huondolewa ile nene ikawekwa nyembamba, inaimba juu, wanaiita mi-composé, na kwamba Alexis hakuwahi kupiga bila hiyo toka ujana wake.

"Ni weye uliitosha?" aliuliza, yaani ni wewe uliyeitoa.

Jamani. Hapo palikuwa na nafasi ya neno moja. Ndiyo. Jeanne yupo hatua tano, watu bado hawajatawanyika, bibi anapigiwa tena, mambo yanakwisha. Lakini Karimu alikuwa fundi miaka ishirini na mbili, na watu wote wale walikuwa wateja wake, na njiti ya kiberiti ilimjia machoni, na kicheko chake.

"Lililetwa hivyo hivyo," alisema. "Mimi nimechonga kijiti tu."

Parfait akatikisa kichwa, akatazama upande wa Chloé, na kila mtu aliyesikia akatazama huko huko. Chloé naye alisikia. Kiswahili anakisikia chote. Alimkodolea Karimu macho, akafungua mdomo, maneno yakamgomea, akaufunga.

Siku kumi Karimu hakulala vizuri. Alilimwaga kopo la vikorokoro mezani akautafuta ule uzi, akaupata umejikunja kati ya misumari. Akachonga kijiti kingine, safari hii mfereji wa nne mwembamba, umekaa upande, pale pale njiti ilipokuwa imeuegemeza. Alivunja vitatu kabla hajapatia, maana mkono wake haukutaka kupinda.

Akaenda Troyeville mchana, Jeanne akiwa kazini. Chloé alifungua mlango, hakumkaribisha wala hakumfukuza. Karimu alilitengeneza gitaa pale pale kizingitini, akaugonga uzi wa nne, ukalia juu, mwembamba, kama ulivyokuwa. Ndipo akasema yote: kwamba ni yeye aliyeutoa, na kwamba alidanganya.

"Najua," Chloé alisema. "Mwambie yeye."

Akabonyeza simu akampa. Bibi akatokea, paji la uso na kitambaa. Karimu akaeleza, na kila sentensi ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajika. Bibi akasema walishamzika Alhamisi, mvua ilinyesha, kaburi liliingia maji. Kisha akasema, "Basi apige. Niko nasikia."

Karimu akamgeuzia Chloé simu. Msichana alikuwa amekaa chini, gitaa mapajani, nyuzi amezilaza kwenye tumbo lake na mgongo wa gitaa umeelekea nje. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya ule mgongo, imetulia.

"Ameanza?" bibi aliuliza.

"Bado, mama."

Karimu aliendelea kuinyoosha ile simu mbele yake, sawasawa, isiende upande. Bibi hakukata.

"Ameanza?"

"Bado."